Msumari wa Kutundikia Sweta

9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile sikio ulilobakiza baada ya filimbi za urefa bado linanasa umbea wa mtaa mzima. Mimi sijambo. Chumba nilichopanga kinavuja upande wa dirisha tu, kwa hiyo nimehamishia kitanda upande wa mlango na maisha yanaendelea. Mama mwambie namsalimu sana. Goti lake alikande kwa maji ya moto, asimsikilize jirani na dawa zake za kunusa, maana goti halina pua. Sweta aliyonifumia naivaa kila asubuhi, chumba chetu cha kazi kina baridi mpaka cherehani zipate moto.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Wiki iliyopita Mdogo ameumia. Huyu ndiye yule binti niliyewahi kukutajia, wa mwisho kuajiriwa, anayekata vitambaa huku anaimba mpaka Msimamizi anamkata jicho. Kisu cha mashine ya kukatia kilimpitia vidole viwili vya mkono wa kushoto. Sitakueleza zaidi, usije ukashindwa kula. Sote tulipiga kelele. Mama Kola, anayeshona kola na ndiye mkubwa wetu kwa maneno, alianguka akazimia. Mimi nililia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Ila mmoja hakulia. Kuna mama mmoja mtu mzima anayepiga pasi kule kwenye kona, sisi tunamwita Mpiga Pasi, basi. Mjomba, yule mwanamke aliiweka pasi yake kwanza juu ya kibati chake, taratibu, ikae sawasawa. Ndipo akageuka. Na Mdogo alipokwisha kupelekwa hospitali, sisi bado tumekaa sakafuni tumeshikana mikono, tukasikia pasi inafuka tena. Alikuwa anamalizia mashati.

Msimamizi kasema hakuna kosa hapo, mtu hafukuzwi kazi kwa kutolia. Basi wakati wa chakula cha mchana tukakubaliana wenyewe: tumemnyima salamu. Hakuna kumsalimu, hakuna kumwitikia, mpaka siku atakayoonyesha kwamba ana moyo. Nadhani ni haki, na tunafanya kwa ajili ya Mdogo. Hatukumpiga wala hatukumtukana. Wewe uliyeamua mechi miaka yote hiyo waonaje?

Mpwa wako.


1 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Mimi mzima, mikono imejaa grisi kama kawaida. Baiskeli za watu zinakuja zimepinda, zinaondoka zimenyooka kiasi. Mama yako anakusalimu. Goti linamuuma kukiwa na kazi, ikitajwa harusi linapona lenyewe. Juzi kacheza mpaka mimi nikaona aibu kwa niaba yake.

Habari ya ajali niliisoma nikaiweka barua chini, nikatoka nje kwanza. Poleni sana.

Sasa hukumu yenu. Kumnyima mtu salamu ni adhabu safi kwa kuitazama, haimwagi damu na haihitaji polisi. Sikulaumu. Lakini refa hata akistaafu hakosi maswali. Mchezaji nikimpa kadi nyekundu, anajua anatoka nje, na anajua mechi inaisha lini. Huyu mama wenu nani atampulizia filimbi ya mwisho? Mmesema mpaka aonyeshe ana moyo. Ataonyeshaje, na ninyi mmeshakubaliana kutomtazama?

Na lingine dogo tu, usinune. Umesema sote mlipiga kelele, mmoja akazimia, wewe una kwikwi. Nani aliizima mashine?

Mjomba wako.


17 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Mama nimefurahi kusikia anacheza, mwambie namsalimu, na asilichezee sana hilo goti, lenyewe ni la mkopo. Mvua imekata, kitanda kimerudi dirishani.

Unaniuliza maswali kama tuko mahakamani. Acha nikueleze tunavyofanya, uone kwamba hatuna ukatili wowote. Asubuhi Mpiga Pasi akiingia husimama mlangoni na kusema, "Habari za asubuhi, wanangu." Hapo sote tunakanyaga pedali. Cherehani zote zinaunguruma kwa pamoja, sauti yake inazama. Huwa anaendelea kusema kitu kingine baada ya hapo, midomo inacheza, lakini hicho hatukisikii. Kisha anakwenda kwenye kona yake. Siku za kwanza ilikuwa kazi ngumu, mjomba. Ulimi unataka kuitikia wenyewe. Jirani yangu wa cherehani ya pili alijing'ata mpaka akatoa damu. Sasa tumezoea.

Kuna jambo moja limenishangaza kidogo. Msimamizi hayumo katika mapatano yetu, hata hajui kama yapo. Lakini juzi alipokuwa anagawa chai alimpita. Mama wa watu amenyoosha kikombe, birika imepita juu yake, ikaenda kwa anayefuata. Nilidhani amesahau. Jana akampita tena, na akamuuliza Mama Kola, "Hivi siku hizi nani anapiga pasi hapa?" Kikombe cha mama yule kilikuwa karibu kumgusa Msimamizi tumbo.

Mama Kola alicheka, akasema hata Mungu yuko upande wetu. Na mimi nilicheka.

Mpwa wako.


5 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku wote wazima, isipokuwa ukuta wa jirani ambao umeangukia kwetu, na sasa anadai eti ukuta wetu ndio uliouvuta.

Hukunijibu. Nani aliizima mashine?

Na hicho kikombe hakinichekeshi. Nimekisoma mara kadhaa, nikitafuta panapochekesha.

Mjomba wako.


20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kukawia, kazi zimetubana, sare za hospitali zinatakiwa kabla ya mwezi kuisha.

Ni yeye. Haya, umeridhika? Swichi iko ukutani karibu na meza ya pasi, yeye ndiye aliyekuwa karibu nayo, akaizima, kisha akamfunga Mdogo mkono kwa shati alilokuwa analipiga pasi. Sisi hatukumhukumu kwa mikono yake. Mikono hata fundi bomba anayo. Tulimhukumu kwa uso wake. Mtu anaona damu ya mtoto wa mwenzake, uso unabaki kama wa mtu anayesubiri maji yachemke. Unaweza kuishi na mtu kama huyo? Unaweza kunywa naye chai? Huruma ndiyo inayotufanya tuwe watu, mjomba, na wewe ndiye uliyenifundisha hivyo nilipokuwa nawachapa kuku.

Tena nikwambie kitu, lakini usimwambie mtu. Jana usiku kabla ya kulala nilijaribu kuukumbuka huo uso wenyewe, nikashindwa. Nimefanya naye kazi tangu nilipofika mji huu. Nakumbuka kanga yake, nakumbuka mvuke wa pasi, lakini pale uso ulipotakiwa kuwa palikuwa patupu, kama shati lililoanikwa.

Na wiki iliyopita, Mama Kola aliingia amelowa, akavua sweta yake, akaenda kuitundika kwenye kona. Aliitundika begani kwake, mjomba. Begani kwa Mpiga Pasi. Hakufanya kwa kusudi, mimi nilikuwa namtazama Mama Kola usoni na hakuwa na utani wowote. Aliitundika, akapiga kofi kuikung'uta, akaja kukaa. Sweta haikuanguka. Mama yule aliendelea kupiga pasi nayo ikining'inia mpaka tulipofunga kazi.

Nilitaka kusema kitu. Kisha nikafikiria nitaanza vipi bila kumtaja, na tulikubaliana kutomtaja.

Mpwa wako.


2 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Umesahau kumsalimu mama yako. Ni mara ya kwanza tangu uondoke nyumbani. Aliniuliza, "Kaniandikia nini mwanangu?" nikamwambia umemsalimu sana na unamuulizia goti. Sipendi kumdanganya dada yangu, hasa kwa sababu huwa ananigundua. Safari hii hakunigundua, au amenihurumia.

Barua yako imenitia baridi ya mifupa na jua liko nje. Nisikilize. Nimesimama katikati ya viwanja na watu wakinitukania marehemu bibi yangu, na uso wangu haukucheza. Si kwamba sikuumia. Ukiwa na filimbi mdomoni huna nafasi ya kulia, utalia ukifika nyumbani, ukivua viatu. Ninyi mlikuwa na nafasi ya kulia kwa sababu kuna mtu alikwenda kuzima mashine. Alikilipia kile kilio chenu. Halafu mkamhukumu kwa sababu hakukaa chini akalia pamoja nanyi.

Unasema huruma ndiyo inayotufanya tuwe watu. Sawa, nilikufundisha mimi, na kuku wale sijawasahau. Lakini huruma mliyompa huyo mama iko wapi? Au inatolewa kwa wanaolia tu, kama chai ya Msimamizi?

Acheni. Kama wenzako hawataki, acha wewe peke yako. Najua utaogopa kwamba watakunyima na wewe. Wakikunyima, mimi nipo, nitakusalimu kwa barua mpaka posta wachoke.

Na kwa kuwa nakujua ulivyo mwoga wa kuanza, nakupa pa kuanzia. Nenda kwake umwambie hivi: kuna refa mmoja mzee, kiziwi nusu, anakusalimu. Hiyo salamu nimemtumia yeye, wewe umeibeba tu. Huwezi kukaa nayo.

Mjomba wako.


8 Julai

Mjomba mpendwa,

Habari za huko? Hapa mambo ni mazuri kweli. Sare za hospitali tulimaliza kwa wakati, Msimamizi akatununulia soda. Mama Kola ameanzisha mtindo wa kila mtu kusimulia kichekesho wakati wa chai, na mimi nikawasimulia ule wako wa mpira uliopotelea kwenye suruali ya golikipa. Walicheka mpaka wakalia. Sijawahi kufanya kazi na watu wenye upendo kama hawa. Mtu akiumwa kichwa, chumba kizima kinaumwa kichwa.

Nimesoma barua yako. Mjomba, usinielewe vibaya, lakini nimeanza kuwa na wasiwasi na afya yako. Unanituma nimfikishie salamu mpiga pasi. Mpiga pasi yupi? Hapa hatuna mpiga pasi. Nguo tunaziweka mezani kwenye kona, baadaye tunazikuta zimepigwa pasi na kukunjwa, zina joto bado. Hatujawahi kulalamika. Labda umechanganya na habari za mtu mwingine.

Kwenye kona hiyo pia kuna msumari mzuri sana, sijui nani aliupigilia. Hauonekani vizuri ila unashika. Sote tunatundika sweta zetu pale sasa, hata sita kwa pamoja na hazianguki, na jioni tukizichukua zimekauka na zina joto kama zimetoka mwilini mwa mtu. Ile aliyonifumia mama ndiyo inayokaa chini kabisa, maana mimi ndiye ninayefika mapema.

Jitunze. Pumzika, acha baiskeli kidogo.

Mpwa wako.


16 Julai

Mpwa wangu,

Sina muda wa kukusalimu kwanza, nitakusalimu mwishoni nikiwa na pumzi.

Huo si msumari.

Sijachanganya chochote. Barua zako zote ninazo hapa kwenye kopo la spoku za baiskeli. Uliniandikia kwa mkono wako kwamba kuna mama mtu mzima anayepiga pasi, ambaye aliizima mashine na kumfunga mtoto mkono kwa shati. Uliniandikia kwamba Mama Kola alimtundikia sweta begani na wewe ukaona. Uliona, mpwa wangu, na ukaogopa. Kuogopa kule ndiko nilikopenda katika barua ile yote. Nataka ukutafute, hakuko mbali.

Nimemsomea mama yako. Akasema, "Mwambie sweta niliifuma ili avae yeye." Akaingia ndani.

Sasa fanya hivi, nakuomba kwa damu yetu. Ikifika barua hii nenda kwenye hiyo kona wakati wa chai, mbele ya wote. Ondoa sweta, moja moja. Halafu sema salamu, ile inayomstahili mtu wa umri wake, na ufikishe na yangu. Hata kama hapo unaona ukuta mtupu. Sema tu. Kama mimi ni mzee aliyechanganyikiwa, utakuwa umesalimia ukuta, na watu watakucheka siku moja. Kama si hivyo, kuna mtu amesimama pale miezi yote hii na nguo zenu mgongoni.

Haya, sasa salamu. Hujambo mwanangu? Hujambo kabisa?

Mjomba wako.


30 Julai

Shikamoo mjomba. Shikamoo tena. Mama mwambie namsalimu, na hii usiitunge, nimeisema mwenyewe kwa mdomo kabla ya kuiandika.

Nilikwenda. Nilikwenda kwa kukupendeza tu, nilikuwa nimejiandaa kukuandikia kwamba ni ukuta na uende hospitali. Nikasimama kwenye kona wakati wa chai, wenzangu wakiguna nyuma yangu. Nilitoa sweta ya kwanza, ya pili, mpaka nikafika kwenye yangu. Chini ya yangu palikuwa na bega. Nilisikia mfupa wake mkononi mwangu kabla sijauona. Nikasema, "Shikamoo mama. Mjomba wangu, refa mstaafu, anakusalimu."

Pasi iliendelea kufuka. Halafu sauti ikasema, "Marahaba, mwanangu. Mwambie salamu zake zimefika." Ilikuwa sauti iliyokauka, kama mlango wa stoo. Uso ulikuja baadaye, kidogo kidogo, macho mwisho. Ni uso wa kawaida, mjomba. Umechoka. Umenenepa kidogo mashavuni. Sijui tuliona nini cha kutisha.

Nilianza kulia, na nikaona aibu kulia mbele yake kwa sababu ndilo jambo pekee nililowahi kumfanyia Mdogo. Hakunikataza. Aliiweka pasi kwenye kibati, ikakaa sawasawa, akasema, "Basi wewe nikufikishie na za yule mtoto. Mdogo alikuwa anawasalimu."

Nikamuuliza lini.

Akasema, "Kila siku. Jioni napita kwake, namsafisha mkono, namfulia yeye na bibi yake. Nikiondoka ananituma, niwasalimie wote, mmoja mmoja kwa jina. Kila asubuhi nikiingia nilikuwa nawafikishia pale mlangoni."

Unakumbuka nilikuandikia kwamba anasema kitu kingine na sisi tunakanyaga pedali. Ndicho hicho, mjomba. Tulikuwa tunakanyagia salamu za Mdogo.

Nikamuuliza, "Na sasa?"

"Sasa ameacha kutuma. Zamani akiniona tu anauliza, wamesemaje. Siku hizi haulizi."

Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumwona. Hata mara moja. Tulilia siku ile tukaona tumemaliza, kilichobaki kikawa ni kumshughulikia asiyelia. Na wewe pia, nisamehe kukwambia, katika barua zako zote ulinifundisha haki vizuri sana na hukuniuliza hata siku moja mkono wa Mdogo unaendeleaje.

Mama Kola alikuwa ananitazama. Aliuliza, "Unaongea na nani huko?" Nilipomwambia, aligeukia wengine akaanza kichekesho chake. Kesho yake asubuhi nilisalimu mlangoni, na cherehani zikaunguruma. Hilo nilikuwa nimelitarajia, uliniambia, na nimelivumilia. Sikuandikii kwa sababu ya hilo.

Jioni ile tulifuatana na mama wa pasi mpaka kwa Mdogo. Ni chumba kimoja nyuma ya soko, mlango wa bati. Mama akabisha, Mdogo akafungua. Amekonda. Mkono umepona, ngozi ni mpya, anaweza kushika kikombe. Nilikuwa nimesimama bega kwa bega na mama wa pasi, nimebeba machungwa. Mdogo akasema, "Shikamoo mama. Peke yako tena?"

Mama akasema, "Leo nimekuja na mwenzako."

Mdogo akatazama pale niliposimama. Alitazama vizuri, kwa adabu, akaona ukuta wa jirani ulio nyuma yangu. Kisha akamshika mama mkono kwa ule mkono wenye vidole vitatu, akatabasamu, akasema, "Usinifariji, mama. Nimeshazoea."

Nilimsalimu. Nikamwita kwa jina lake la nyumbani, nikamsalimu tena kwa sauti mpaka bibi yake akakohoa kule kitandani. Machungwa niliyaweka mezani, akamshukuru mama kwa kuyaleta.

Tangu siku hiyo nakwenda kila jioni. Nakaa kwenye kigoda karibu na mlango, namsalimu, namwambia habari za kazini, namwambia anisamehe. Mama wa pasi anamfikishia maneno yangu, naye anayaitikia kwa upole kama mtu anayemridhisha mzee. Jana nilisogea karibu sana, nikamsalimu sikioni. Alijikunyata, akasema kuna upepo, akainuka akafunga dirisha.

Leo jioni nakwenda tena.

Mpwa wako.